Matatu za usiku za laini yetu ya Thika Road: nyota tatu, na sababu ni hii

Nimepanda gari za hii sacco, yaani ushirika wa wenye matatu za laini yetu, miaka sita sasa, asubuhi nikienda kazi na usiku nikirudi, kwa hivyo haya si maneno ya mtu alipanda mara moja akanyimwa chenji akakasirika. Jina la sacco siweki. Kuna watu wa steji yao walifanya kitu kibaya sana mbele ya macho yangu, na kuna wengine wa hiyo hiyo sacco walifanya kitu nitawashukuru nacho mpaka nizeeke, sasa nikitaja jina wote watapakwa tope moja. Kama unaishi pande za kwetu utajua tu ni gani.

Nianze na mambo ya kawaida ndio mwenye anataka tu kujua nauli asisumbuke kusoma yote. Gari ni za viti 33, nyingi bado ni mpya, mchana ni 50 bob kutoka tao, jioni inapanda 80, mvua ikinyesha jitayarishe 100 kwenda juu na hiyo ya mvua nimeipigia kelele miaka yote sita na sijaona ikishuka. Unalipa pesa taslimu ama unatuma kwa till, namba imeandikwa juu ya kiti cha dere. Mikanda iko na inafunga kweli. Muziki uko juu lakini ukiomba wanapunguza bila kukuangalia vibaya, hapo nawapa heko. Gari ya mwisho inatoka tao saa tano na nusu usiku na ni hapo nataka tukae kidogo, kwa sababu mimi nafanya kazi jikoni kwa hoteli, shifti yangu inaisha saa nne, na ni watu kama sisi ndio tunajaza hizo gari za mwisho, wapishi, manesi, wasichana wa supermarket, wamama wanafunga vibanda. Hesabu vichwa ndani ya hiyo gari saa tano usiku, nusu ama zaidi ni wanawake. Kwa hivyo mtu akiniuliza kama hii sacco ni nzuri siangalii viti wala TV. Naangalia mwanamke akipatwa na shida hapo usiku, nani atafungua mdomo.

Na nimeshaona.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mvua imenyesha tangu saa kumi jioni, steji imejaa mpaka barabarani. Mbele yangu watu watatu kulikuwa na msichana, wa miaka kama 23 hivi, amebeba kibegi na sanduku la keki. Nauli ilikuwa imefika 150. Akauliza kwa nini 150 na gari iliyotoka mbele yetu ilikuwa 100. Aliuliza tu, nilisikia kwa masikio yangu, hakutukana mtu. Kamagera mmoja, hao wa kuita abiria steji, akamwambia kama hana pesa atembee kama wenzake. Akajibu, "Pesa niko nayo, wewe niongeleshe na heshima."

Akapigwa kofi. Kabla hajashika shavu wa pili ameshavuta kibegi, wa tatu amemshika sketi anasema mwenye anajua kujibu wacha tumuone vizuri. Sketi ikapasuka upande wote. Akaanguka kwa maji ya mtaro, goti likachanika, keki ikamwagika. Zaidi ya hapo sitaandika, ni yake kusimulia akitaka na nimemuahidi hivyo.

Tulikuwa watu kama arobaini kwa hiyo foleni. Simu zikatoka. Si za kupigia polisi, za kurekodi, mtu ameinua mkono juu kabisa ndio apate picha vizuri. Mwanaume mmoja wa makamo, amebeba mkate na maziwa anapelekea watoto wake, nikamsikia akisema wasichana wa siku hizi mdomo ndio unawaponza. Mwingine akasema si angelipa tu hiyo 50 bob yaishe. Mama mmoja alisema mwachilieni jamani, lakini kwa sauti ya chini sana, sauti ya mtu anaogopa asikike. Na mimi nilisimama. Nataka niseme hii bila kuificha, nilisimama hapo na mwavuli wangu mkononi, miguu imekufa ganzi, mdomo umekauka, nikiwaza nikiongea watanigeukia na mimi. Hiyo ilichukua labda dakika mbili lakini nikiikumbuka saa hii naona kama ilikuwa usiku mzima.

Mwenye alitutoa hapo ni mama wa njugu. Anakaa karibu na ile nguzo ya stima na jiko lake la makaa, kila mtu wa hiyo steji anamjua. Aliamka akaacha jiko, akatoa leso kiunoni, akaingia katikati ya wale wanaume watatu akipiga kelele, "Huyu ni mtoto wa nani? Nauliza, huyu ni mtoto wa nani hapa?" Akamfunga msichana leso na akabaki amemkumbatia hapo chini kwa maji. Hakusema kitu kingine, alikuwa anarudia tu hiyo moja, huyu ni mtoto wa nani, anazunguka akituangalia mmoja mmoja usoni. Na hapo ndio makanga wa gari yetu akaruka kutoka mlangoni. Kijana mdogo, mwembamba, sare yake ya maruni imelowa. Akasimama kati ya huyo mama na wale watatu akawaambia kama ni kupiga waanze na yeye. Dere akazima muziki, akashuka, yeye ni mtu mkubwa wa mwili, hakusema chochote, alienda tu akasimama karibu na kijana wake. Sasa na sisi wengine ndio tukapata sauti, wanaume wanne watano wakasogea, wamama wakaanza kupiga kelele, na wale kamagera wakarudi nyuma.

Makanga alifanya kitu kingine kidogo ambacho watu wengi hawakuona. Kuna jamaa alikuwa bado anarekodi, akamwendea akamwambia, "Weka simu chini. Unataka kuonyesha nani?" Jamaa akaiweka mfukoni.

Msichana akawekwa kiti cha mbele, na mama wa njugu naye akapanda akaacha biashara yake hapo na mvua. Dere akageuka akatuambia hii gari inapitia kituo cha polisi kwanza, mwenye ana haraka ashuke arudishiwe nauli yake. Wakashuka wawili. Wengine wote tukakaa, saa tano za usiku, watu wamechoka, mtu ana mtoto nyumbani, na hakuna mtu alinung'unika njia nzima. Huyo dere na huyo makanga, kama hii rating ingekuwa ni yao peke yao ningewapa tano na nitafute ya sita.

Sasa kituoni. Kituo sitakitaja pia. Askari wa kaunta swali lake la kwanza lilikuwa alikuwa anatoka wapi saa hizo, la pili alikuwa amevaa nini. Amevaa leso ya mama wa njugu, bwana, si unaona. Tukaambiwa ofisa wa dawati la jinsia yuko mchana tu, turudi asubuhi. Ni bahati kulikuwa na nesi kati yetu, mama ametoka zamu, na yeye ndio alijua kila kitu. Alimwambia askari kwa adabu kabisa kwamba hatutoki hapo bila namba ya OB, kile kitabu cha polisi cha kuandika matukio, na kwamba P3, ile fomu ya polisi daktari anajaza majeraha, ni ya bure na haiuzwi. Akamwambia msichana asioge, asifue hizo nguo, aziweke kwa mfuko wa karatasi si wa plastiki kwa sababu plastiki inaozesha ushahidi, na aende hospitali usiku huo huo, asingoje asubuhi. Akatuambia sote pia, na nimeona niiweke hapa kwa sababu kuna mtu atasoma siku moja anaihitaji, mtu akibakwa hospitali ni ndani ya saa 72 ndio apewe dawa za kuzuia HIV, na mapema ni bora zaidi. Kisha akampigia 1195, hiyo laini ya bure ya mambo ya dhuluma ya kijinsia, akaweka spika. Ilipokelewa. Mwanamke akaongea na msichana pole pole akamuuliza kama yuko mahali salama, mambo ya kwanza kabisa ambayo hakuna mtu mwingine alikuwa amemuuliza usiku wote. OB tukapata. Tulikuwa abiria kumi na mmoja tumesimama hapo kwa kaunta mpaka ikaandikwa.

Asubuhi video ilikuwa kwa kundi la WhatsApp la mtaa. Na hapa ndio nilikasirika kuliko hata steji. Nikasoma kwamba alikuwa amelewa. Nikasoma kwamba alikuwa amekataa kulipa. Kwamba hii ni nusu ya hadithi, kwamba vijana wa steji wanatafuta riziki na wasichana wanawadharau, kwamba sketi yenyewe ilikuwa fupi hata kabla ya kuraruliwa. Watu wenye tunajuana, watu tunachanga nao matanga. Nikaandika kwamba nilikuwa hapo, alikuwa amebeba keki, na hata angekuwa amelewa chakari na amevaa chochote, ni mkono wa nani ulimpiga? Nikaandika mara moja, sikubishana tena. Halafu wengine nao wakaja na yao, vijana fulani wakasema ni twende hapo steji jioni na petroli. Watu ishirini wakaweka vidole gumba. Yaani kwa saa moja tulikuwa tumetoka kwa kumlaumu yeye tukafika kwa kuchoma watu, na katikati hakukuwa na mtu amemuuliza anataka nini. Ni shangazi yake ndio alikuja kuandika, na sitasahau, kwamba msichana wao anasema mtu asipigwe kwa ajili yake, anataka wasimame mbele ya hakimu na yeye asimame hapo pia akiwa amevaa vizuri awaangalie. Kundi likanyamaza mpaka mchana.

Kwa mwenye anashangaa kwa nini haya yananichoma hivi, mimi nilikuwa chuo 2014. Mnakumbuka Novemba hiyo, mwanamke alivuliwa nguo hapo tao mchana kweupe kwa steji ya matatu, wanaume wamemzunguka wanasema amevaa vibaya, video ikaenda kila mahali. Kundi la wamama la Facebook, Kilimani Mums, likaitisha maandamano na tarehe 17 Novemba tukatoka Uhuru Park tukatembea mpaka Accra Road, tumevaa vile tunataka, wengine minisketi wengine buibui, tukiimba my dress my choice, yaani nguo yangu chaguo langu. Kuna wanaume walitembea na sisi, na kuna wengine walisimama kando ya barabara wakitutusi, na kwa mtandao kukawa na hashtag ya kutupinga, ati uchi si chaguo langu. Nilikuwa na miaka 20 na nilidhani tukifika Accra Road jambo limeisha. Kitu kilitoka hapo lakini. Desemba hiyo hiyo Bunge likaweka kifungu cha 251A kwa sheria ya makosa ya jinai, kwamba mtu akimvua mwenzake nguo kwa nguvu kumvunjia heshima, kifungo si chini ya miaka 10. Na ile kesi ya mwanamke aliyevuliwa nguo na kuibiwa ndani ya basi la Githurai 2014 ikaenda mpaka Julai 2017, dereva, makanga na mhudumu wa petroli wakapatikana na hatia, wakahukumiwa kifo kwa wizi wa mabavu na miaka 25 kwa kumvua nguo. Miaka karibu mitatu kortini. Huyo mwanamke alingoja. Mimi humfikiria sana yeye kuliko hata hiyo hukumu, zile asubuhi ameamka akavaa akaenda korti tena kusimulia tena.

Nilibeba hizo namba kwa karatasi tukienda ofisi ya sacco. Tulikuwa wanawake kumi na wanne na wanaume watatu, yule dere hakuja na tulielewa, ana bosi. Meneja alitukaribisha chai. Kisha akatoa bahasha ya shilingi 5,000, ati ni ya dawa na sketi, tumpelekee msichana, haya maneno ya kusukumana kwa steji ni ya kawaida tuyamalize kama watu wazima. Mama wa njugu ndio alimrudishia hiyo bahasha. Mimi nikasoma karatasi yangu, nikamuuliza kama kusukumana hufungwa miaka 10. Akasema basi wale si wafanyakazi wao, kamagera ni watu wa steji tu, sacco haiwajui. Hii ndio jibu utapata kwa kila sacco hii Nairobi na nataka abiria wenzangu muielewe vizuri, kwa sababu ni kweli na si kweli. Ni kweli hawana barua ya kazi. Lakini kila gari ikijaa makanga anatoa kitu anawapa, gari baada ya gari, siku nzima, na gari isipotoa haijazi. Kama unamlipa mtu aite abiria wako, asimame mlangoni mwa gari yako, ashike mkono wa mteja wako amwingize ndani, huyo ni mtu wako. Shosho mmoja kati yetu alisema hivyo kwa maneno machache zaidi, akamwambia meneja, "Mbwa akikaa kwako na anakula kwako, akiuma mtu hatuendi kwa jirani."

Mkutano wa pili mwenyekiti alikuja mwenyewe na hapo mambo yakasonga. Wale watatu hawako steji tena. Wawili wako na kesi, wa tatu alipotea, na hayo mengine ni ya korti siyaandiki. Ndani ya kila gari sasa kuna namba ya simu ya ofisi imebandikwa juu ya dirisha, pamoja na 1195 chini yake, hiyo ya pili tulilazimisha sisi. Picha na jina la dere na la makanga zimerudi mbele mahali zinaonekana. Wenye umri wetu mtakumbuka sheria za matatu za Michuki, yule waziri wa uchukuzi, za Februari 2004, dere bluu, makanga maruni, mstari wa njano, mikanda, picha ya dereva mahali abiria anaiona. Hiyo yote ilikuwa sheria tayari, ilikuwa tu imesahaulika polepole, stika moja ikibanduka leo nyingine kesho.

Kile hawajafanya ni mafunzo. Tuliwaambia kuna shirika la Flone Initiative, alilianzisha Naomi Mwaura, wamekuwa miaka mingi wakifundisha wafanyakazi wa matatu jinsi ya kuzuia unyanyasaji kwa gari na kwa steji, waitwe. Mwenyekiti akasema ni wazo zuri. Imekuwa miezi saba ni wazo zuri. Huyo makanga wetu alijua cha kufanya kwa sababu ya moyo wake na labda mama yake, lakini mimi siwezi kupanda gari kila usiku nikiomba Mungu nipate mwenye alilelewa vizuri. Na pia nauli, nauli ndio iliwasha huu moto wote, kupandisha kiholela mvua ikinyesha na mtu akiuliza anaonekana adui, hiyo bado iko vile vile. Wiki jana ilikuwa 130. Nyota moja imeenda kwa mafunzo na nyingine imeenda kwa nauli, si kwa kitu kingine.

Kuna kitu kingine kimetokea kwa hizo gari za mwisho na hakikupangwa na mtu. Tangu ule usiku tunaongea. Zamani kila mtu alikuwa na earphone zake na usingizi wake. Sasa viti vya nyuma vimekuwa kama kikundi cha wamama, na maneno yakianza na steji hayaishii steji, yanafika nyumbani. Januari 27, 2024 wakati wanawake walijaa barabarani Nairobi na miji mingine kwa sababu ya wanawake wanauawa, mimi nilienda na nikarudi na gari hii na hakuna mtu aliniuliza natoka wapi na hiyo fulana. Novemba mwaka huo huo serikali ikasema wanawake 97 wameuawa kwa miezi mitatu tu, Agosti mpaka Oktoba, na kundi letu la mtaa siku hiyo lilikuwa linajadili takataka. Desemba 10 wenye waliandamana wakarushiwa vitoa machozi. Januari 2025 ikaundwa kamati ya Nancy Baraza, yule aliyekuwa naibu jaji mkuu, ya kuangalia hayo mauaji na dhuluma za kijinsia. Hayo yote yalipita juu ya vichwa vyetu hapa kwa gari kama mabango ya barabarani. Sasa hivi juzi mama mmoja wa kiti cha tatu, mwenye tumepanda naye miaka, alivua miwani ya jua saa nne usiku na hakuna mtu alisema ulimfanyia nini ndio akakupiga. Nesi wetu aliuliza tu, umelala wapi jana? Utalala wapi leo? Namba ilikuwa hapo juu ya dirisha, hakuhitaji kuomba mtu. Alishuka na nesi, steji mbili kabla ya yake.

Sijui sacco inaweza kujisifu kwa hilo, gari ni yao lakini watu ni sisi. Nimeliweka kwa sababu mtu akitaka kujua kupanda hizi gari usiku kukoje, ndio kulivyo.

Kwa steji yetu ya mwisho kuna njia ya giza kama mita mia mbili mpaka geti la kwanza, taa ya barabara iliharibika na kaunti bado. Dere sasa haondoki. Anawasha taa kubwa za gari zinamulika hiyo njia, anangoja tufike, makanga anahesabu, wa mwisho akifika geti anainua simu yenye tochi, gari inaondoka. Wanapoteza labda dakika nne kila usiku na mafuta yao. Hakuna ofisi iliwaambia, na hakuna nauli ya juu kwa hiyo.

Yule msichana alirudi kupanda baada ya wiki tano. Alipanda na shangazi yake mara ya kwanza, halafu na rafiki, halafu peke yake. Kiti cha mbele karibu na dere tunamwachia bila kuambiana, hata gari ikijaa. Alimletea mama wa njugu leso yake imefuliwa na kupigwa pasi, mama akaikataa, akamwambia aikunje akae nayo kwa kibegi. Bado anauza hapo kwa nguzo. Mfuko ni 20 bob, nunua ukingoja gari ijaze.